Kamati, Mwezi Mpevu na Farasi wa Kazi



Kabla ya kuangalia farasi, waliangalia mwezi. Nawazungumzia watu wa miji midogo ya bara huko Australia, tangu mwaka 1900 hivi hadi Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wakikutana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli kupanga siku ya mbio za farasi za wilaya yao. Kalenda inafunguliwa mezani, na swali la kwanza ni: mwezi mpevu unaangukia lini? Watu watakuja kwa vigari vya farasi, kwa baiskeli na kwa miguu, wengine wakitokea mashamba yaliyo mwendo wa siku nzima. Mbio zikiisha kuna dansi, na dansi likiisha kuna kurudi nyumbani usiku, kwenye njia isiyo na taa, na kijito cha kuvuka hakina daraja. Kamati iliyopanga mbio zake wakati wa giza ilikuwa inajitafutia hasara.

Baada ya mwezi yanakuja mengine. Kondoo watakatwa manyoya lini? Wakataji wakiwa kazini hawana nafasi, lakini wakishalipwa wana pesa mfukoni na kiu kooni, na hao ndio wateja wenyewe. Kuna sikukuu: siku ya pili ya Krismasi, Mwaka Mpya, Jumatatu ya Pasaka, na siku ya Mtakatifu Patriki kwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, ambao katika miji mingine walikuwa na klabu yao ya mbio. Halafu kuna jirani. Mji wa pili umeweka mbio zake siku gani? Mkigongana, farasi hawatoshi huku wala kule. Wenye busara walipatana, huyu Jumatano na yule Jumamosi, ili farasi walewale waongozwe kwa kamba barabarani kutoka mji hadi mji, wakikimbia, wakipumzika, wakikimbia tena.

Haya, tarehe imepatikana. Sasa nani wako mezani?

Yuko mlezi wa klabu, kwa kawaida mwenye shamba kubwa la kondoo, ambaye kazi yake ni kutoa kikombe na kuonekana. Yuko mwenyekiti. Yuko mweka hazina, na mara nyingi huyo ni meneja wa benki, kwa sababu kila mtu anafikiri mtu wa benki hawezi kukimbia na pesa. Yuko mwenye hoteli, yuko mhunzi, yuko mwenye duka, na mwenye gazeti la mji, ambaye anapiga kura matangazo yachapwe kisha anayachapa yeye. Na mwisho wa meza, na wino vidoleni, yuko katibu. Ni kamati ya harusi kabisa: kuna wanaotoa ahadi, kuna wanaotoa pesa, na kuna mmoja anayewazungukia wote na daftari.

Wanaosimulia mbio hizi hupenda kusimulia farasi na wapandaji wake. Mimi leo nataka tukae na katibu, maana nikisoma jinsi shughuli hizi zilivyopangwa naona kwamba karibu kila kanuni aliyoiandika ilizaliwa na udanganyifu fulani uliokwisha kutokea. Ratiba ya mbio ilikuwa orodha ya shuku. Mji mzima hauuamini mji wa jirani, mwenye farasi hamwamini mpandaji, mpandaji hamwamini mwanzishaji, na wote hawamwamini mpokea dau. Hata hivyo watu hao walitakiwa wakusanyike siku moja, watoe pesa, na warudi nyumbani bila kuvunjana mbavu. Kazi ya katibu ilikuwa hiyo.

Tuanze na ruhusa. Klabu ya kijijini haikuwa huru kuamka tu na kutangaza mbio. Kila jimbo lilikuwa na klabu kuu: Sydney kulikuwa na Australian Jockey Club, Melbourne kulikuwa na Victoria Racing Club, na Brisbane kulikuwa na Queensland Turf Club. Katibu aliandika ratiba yake yote, akaituma kwa posta, akasubiri ikubaliwe na kutangazwa. Ukiendesha mbio bila kibali, adhabu haikuishia kwako. Farasi waliokimbia, wenye farasi, wapandaji, wote waliweza kufungiwa wasikimbie tena kwenye mbio zilizosajiliwa. Ndiyo maana mwenye farasi mzuri hakuthubutu kumpeleka kwenye mbio za kienyeji. Klabu kuu ilikuwa mbali, haijawahi kuuona huo mji, lakini kofi lake lilifika.

Sasa pesa. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtu angeshangaa.

Zawadi za washindi zilitoka sehemu nyingi ndogo ndogo. Katibu alizunguka mjini kuomba michango: pauni kwa huyu, nusu pauni kwa yule. Wenye farasi walilipa ada mara mbili, ya kwanza wanapoandikisha farasi, ya pili wanapokubali kukimbia baada ya kuona uzani waliopangiwa. Kulikuwa na kiingilio cha getini. Lakini hela iliyoweza kuiokoa klabu au kuizamisha ilikuwa ya mnada wa vibanda.

Wiki kadhaa kabla ya mbio, dalali alisimama na kuuza haki za siku ile moja moja. Kibanda cha bia ndicho kilichogombaniwa. Mji una hoteli mbili au tatu, na mwenye hoteli anayekosa kibanda anajua kwamba siku ya mbio mji utakuwa mtupu na kaunta yake itakaa kavu hadi jioni. Kwa hiyo anapandisha dau kuliko akili yake inavyomruhusu, na mwenzake anampandishia makusudi ili akinunua anunue kwa uchungu. Kisha kinauzwa kibanda cha chakula. Inauzwa haki ya kuuza matunda na soda. Inauzwa haki ya kuchapa na kuuza kijitabu cha mbio. Mara nyingine hata geti lenyewe linauzwa: mtu analipa klabu kiasi fulani leo, na siku ya mbio kiingilio chote ni chake, mvua ni yake na jua ni lake. Klabu inapata pesa mkononi kabla farasi hata mmoja hajafika, na hatari yote ya hali ya hewa imehamia kwa mfanyabiashara. Mimi nikiyaona hayo namvulia kofia aliyeyabuni, ingawa namwonea huruma aliyenunua geti halafu mvua ikanyesha siku tatu mfululizo.

Aliyeshinda kibanda cha bia alikuwa bado hajamaliza. Ilibidi aende kwa hakimu kuomba leseni ya muda ya kuuza pombe nje ya hoteli yake. Karatasi nyingine tena.

Tuje kwenye ratiba yenyewe, ile iliyochapwa gazetini safu nzima kwa herufi ndogo. Kulikuwa na mbio za farasi wasiowahi kushinda. Kulikuwa na mbio fupi za kasi. Kulikuwa na Kombe la mji, ambalo ndilo lenye zawadi kubwa, kwa kawaida maili moja au kuzidi kidogo. Kulikuwa na mbio za kufariji, kwa farasi waliokimbia siku ile na kukosa, ili wenyewe wasiondoke mikono mitupu. Na kulikuwa na mbio za farasi wa kazi.

Hizi za farasi wa kazi ndizo zilizoleta ugomvi kuliko zote. Nia ilikuwa njema: mchungaji wa ng'ombe, kijana wa posta, mhunzi, kila mmoja alete farasi wake wa kila siku, yule anayemfuata kondoo na kubeba barua, washindane wao kwa wao. Lakini farasi wa kazi ni nani? Hapo kalamu ya katibu ikaanza kutoa jasho. Ataandika kwamba awe farasi wa kazi wa kweli kweli. Mtu ataleta farasi wa mbio aliyefungwa mkokoteni wiki mbili. Basi ataandika kwamba asiwe amewahi kushinda zawadi inayozidi kiasi fulani cha pauni. Mtu ataleta farasi aliyeshinda mara nyingi jimbo la pili kwa jina lingine. Ataandika kwamba lazima awe anamilikiwa wilayani kwa miezi kadhaa. Mtu atatengeneza hati ya mauzo ya tarehe ya nyuma. Mwishoni anaandika maneno ambayo utayakuta katika kila ratiba ya wakati ule kwa namna moja au nyingine: kwamba kamati ina haki ya kumkataa farasi yeyote, na uamuzi wake ni wa mwisho. Hapo kanuni zimeishiwa pumzi na imebaki rungu.

Kulikuwa na hila ya zamani zaidi, nayo ni kubadilisha farasi. Unaandikisha mzee mmoja anayejulikana kwa uvivu, siku ya mbio unamleta mwingine anayefanana naye, mwenye miguu ya moto. Alama nyeupe ya mguuni haipo? Rangi ipo. Msidhani hiyo ni habari ya mababu. Mwaka 1984, tarehe 18 Agosti, kwenye kiwanja cha Eagle Farm huko Brisbane, farasi aliyeandikwa kwa jina la Fine Cotton alikuwa Bold Personality aliyepakwa rangi. Alishinda, lakini rangi haikuwadanganya wengi. Watu walianza kuzomea hapohapo, akaondolewa kwenye ushindi. Kama mjini, mwaka 1984, watu walijaribu hivyo, fikiria kijijini mwaka 1908, ambapo farasi alikuwa hana picha wala cheti kinachoeleweka.

Kwenye mbio za tafrija, zile za matajiri wa mashambani na wageni wao, kama zile za Bong Bong katika New South Wales, zilizoanza mwaka 1886, shuku ilikuwa nyingine. Wapandaji hawakuwa wa kulipwa, na katika mbio nyingi za namna hiyo farasi walitakiwa wawe wamelishwa majani tu, bila nafaka. Utajuaje kama jirani yako hampi wake shayiri usiku? Jibu la kamati lilikuwa rahisi: farasi wote waletwe wiki kadhaa kabla, wafungiwe kwenye shamba moja la klabu, wale majani ya pamoja machoni pa mlinzi. Waungwana hao walikunywa chai pamoja na kuitana majina ya kirafiki, lakini farasi wao waliwekwa kizuizini.

Sasa nifike kwenye moyo wa jambo, yaani uzani.

Ukiwaacha farasi wakimbie hivihivi, bora atashinda kila mara, na baada ya mara ya tatu hakuna atakayeleta farasi wala atakayecheza dau. Kwa hiyo mgawa uzani humpangia kila farasi mzigo: mwenye nguvu abebe zaidi, dhaifu abebe kidogo, na kimahesabu wote wafike pamoja. Mzigo ni mpandaji pamoja na tandiko, na pengo hujazwa kwa vipande vya risasi vilivyowekwa kwenye mifuko ya tandiko. Mfano mkubwa ambao kila mtoto wa Australia alikua akiusikia ni wa Carbine, aliyeshinda Kombe la Melbourne mwaka 1890 kati ya farasi 39 huku akibeba kilo 66, yaani kilo 24 zaidi ya Highborn aliyefika wa pili. Mgawa uzani alijaribu kumzuia kwa kila alichoweza, akashindwa. Hayo hutokea mara moja katika kizazi.

Klabu ndogo mara nyingi ilimlipa mtaalamu wa mji mkubwa zaidi afanye kazi hiyo kwa posta. Katibu alimtumia orodha ya farasi, naye akaangalia kumbukumbu zake za mbio zilizopita, akarudisha namba. Zilipochapwa, wenye farasi walikuwa na siku chache za kukubali kwa telegramu au kujitoa. Na kila mmoja aliamini ameonewa. Ndipo ikaja hila iliyokuwa ngumu kuliko zote kuithibitisha: mtu anamzuia farasi wake kwa makusudi, mbio hizi na zile, amalize wa nne, wa tano, wa saba, mpaka mgawa uzani amwone mnyonge na kumpunguzia mzigo. Siku ya Kombe anafunguliwa. Utamkamata kwa lipi? Mpandaji atasema hatamu zilimteleza. Wasimamizi walimwita, wakamhoji, wakamwonya. Kufungiwa kulikuwa nadra, kwa kuwa aliyeketi kwenye kiti cha usimamizi alikuwa jirani wa mshtakiwa na pengine mdeni wake.

Kiwanja nacho kilikuwa na mambo yake. Kwa kawaida kilikuwa ardhi ya umma iliyotengwa nje ya mji, na kwa miezi kumi na moja kilikuwa malisho ya mbuzi. Wiki za mwisho kamati iliitisha siku ya kazi: kufyeka majani, kuchoma, kunyoosha uzio, kupaka nguzo chokaa, na kuziba mashimo ya sungura. Hao sungura waliletwa kutoka Uingereza kwa ajili ya kuwindwa. Mwaka 1859 Thomas Austin aliwaachia kwenye shamba lake la Barwon Park, Victoria, na ndani ya miongo michache wakaenea sehemu kubwa ya bara. Farasi anayekimbia kasi akitumbukiza mguu kwenye shimo la sungura, mguu umekwisha, na mpandaji pengine naye. Kwa hiyo mtu alipita uwanja mzima na koleo. Ukame ukipiga, kama ule uliofikia kilele mwaka 1902, hakukuwa na majani ya kufyeka wala maji ya kunywesha farasi, na klabu nyingi ziliahirisha kwa sababu hapakuwa na mnyama mwenye nyama ya kubeba tandiko.

Siku yenyewe ikifika, kazi ya katibu imegawanyika mikononi mwa watu wengine, naye anabaki akikimbia kutoka mmoja kwenda mwingine. Kuna karani wa mizani anayepima wapandaji wakitoka na wakirudi. Hata ushinde kwa umbali gani, ukirudi na uzani pungufu umepoteza, kwani pengine ulidondosha risasi njiani. Dau halilipwi mpaka ithibitishwe kwamba uzani ni sahihi. Kuna mwamuzi amesimama kwenye kibanda chake, macho yake yakilenga nguzo iliyo ng'ambo ya njia. Picha za kuamua mshindi Australia ilizianza miaka ya 1940, kwa hiyo wakati ule jicho lake ndilo lilikuwa sheria, na kama alipepesa, basi alipepesa kwa niaba ya wote.

Na kuna mwanzishaji, maskini. Farasi kumi wasiotulia, wapandaji wanaoibia hatua, bendera mkononi, umati unapiga kelele. Akiangusha bendera mapema, analaaniwa. Akichelewa, farasi wamechoka kwa kuzungukazunguka. Mwanga ulitoka Sydney. Alexander Gray alitengeneza kizuizi cha waya unaovutwa kukata njia, ambacho kinafyatuka juu kwa mkupuo mmoja, na mwezi Februari 1894 kikatumika kwenye kiwanja cha Canterbury Park. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na faini za mwanawe, mpandaji, aliyekuwa akivuka mstari kabla ya wakati. Viwanja vikubwa vilichukua mtindo huo upesi. Vya vijijini viliendelea na bendera na matusi mpaka kamati zipate pesa za mashine.

Kwenye kamari nitapita haraka, ingawa umati haukupita haraka. Wapokea dau walilipa klabu ili waruhusiwe kusimama, kila mmoja na mkoba wake wa ngozi na sauti yake, na katibu aliomba Mungu wote wawepo bado mwisho wa siku, maana aliyezidiwa aliweza kutoroka kabla ya mbio za mwisho. Majimbo mengine, kama Australia Kusini, yalishakubali totalizeta, ambayo hukusanya dau zote kwenye chungu kimoja na kuwagawia washindi baada ya makato. New South Wales ilipitisha sheria yake mwaka 1916. Kulikuwa na kichekesho hapo. Mhandisi George Julius alibuni mashine ya kuhesabu kura, serikali haikuitaka, basi akaigeuza kuwa mashine ya kuhesabu dau, na ya kwanza ikafungwa Ellerslie, Auckland, mwaka 1913. Pembeni ya hayo yote walikuwepo jamaa wa pata potea na karata zao tatu kwenye boksi, wakimwangalia polisi kwa jicho moja. Hao hawakuomba kibali cha mtu.

Mnauliza wanawake walikuwa wapi. Kulikuwa na mbio zilizoitwa za bangili ya mabibi: mwanamke anamtaja farasi kwa jina lake, mwanamume anampanda, farasi akishinda bangili inakwenda kwa bibi. Hiyo ndiyo heshima iliyoonekana. Isiyoonekana ilikuwa chakula cha kamati, kitambaa na maua, na dansi zima la usiku. Sakafu ya ukumbi ilinyunyizwa vipande vya mshumaa, kisha watoto wakaburutana juu yake kwenye magunia mchana kutwa mpaka iteleze. Kumbukumbu za kikao zinatoa shukrani kwa mabibi kwa sentensi moja, bila jina hata moja, wakati jina la aliyetoa kikombe linarudiwa mara nne. Naona hiyo ni dhuluma ndogo iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Dhuluma kubwa ilikuwa kwingine. Katika mashamba ya ng'ombe ya kaskazini na ya ndani, wajuzi wa farasi walikuwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Walifuga, walifunza, walipanda. Huko Queensland sheria ya mwaka 1897 iliwaweka chini ya walinzi walioteuliwa na serikali, ambao waliamua waishi wapi na mishahara yao ishikwe na nani. Mchungaji wa namna hiyo aliweza kumpanda farasi wa tajiri wake hadi ushindi, ajulikane kwa jina moja tu alilobandikwa na wazungu, na asiwe na ruhusa ya kuuza hata tandiko kwa uamuzi wake. Hakuna kifungu kwenye ratiba ya katibu kilichohusika na dhuluma hiyo. Kamati iliyokuwa makini kuhusu kilo ya risasi haikuona kitu hapo.

Na sisi huku Afrika Mashariki hatukuwa mbali na mchezo huu. Walowezi waliofika Kenya walileta ratiba ileile, vikombe vilevile na ugomvi uleule. Nairobi ilikuwa na klabu yake ya mbio tangu miaka ya mwanzo ya karne, na uwanja ulikuwa upande wa Kariokor ya leo mpaka ulipohamia barabara ya Ngong mwaka 1954. Njoro ndiko alikokulia Beryl Markham kwenye mabanda ya babake, akapata leseni ya kufunza farasi angali binti. Tofauti ni kwamba huku adui hakuwa sungura. Usubi ulibeba ugonjwa wa farasi wa Afrika, na mwenye farasi aliweza kuandikisha watatu, siku ya mbio akaja na mmoja. Na waliolala bandani na farasi hao, wakiwapangusa na kuwatembeza alfajiri, walikuwa masaisi wa Kiafrika, wakiwemo Wasomali, ambao vijitabu vya mbio haviwataji kabisa.

Turudi kwa katibu wetu, maana mbio zimekwisha lakini yeye hajalala. Kuna pingamizi: aliyefika wa pili anadai mshindi alimbana kwenye kona, ameweka amana ya pesa kama kanuni zinavyotaka, na wasimamizi wamekaa. Wakimkatalia, anaweza kukata rufaa klabu kuu, na katibu atanakili ushahidi wote kwa mkono na kuutuma Sydney. Kuna mwenye farasi anayetaka zawadi yake leo, taslimu. Kuna kibanda cha bia ambacho mwenyewe alilipa nusu na sasa anasema biashara ilikuwa mbaya.

Wiki mbili baadaye hesabu zinasomwa. Mapato: michango, ada za farasi, geti, vibanda. Matumizi: zawadi, uchapaji, mgawa uzani, polisi, rangi, chokaa. Mara nyingi mbio zilitangazwa kuwa za kusaidia hospitali ya wilaya, na kilichobaki kilipelekwa huko. Kisipobaki kitu, hospitali ilipelekewa barua. Vita vilipoanza mwaka 1914 faida ikaelekezwa kwa Msalaba Mwekundu, na wanunuzi wa jeshi wakazunguka wilaya zilezile wakitafuta farasi. Walisafirishwa zaidi ya 130,000 kwenda ng'ambo, na kwa sababu ya gharama na hofu ya magonjwa, wa jeshi aliyerudishwa nyumbani alikuwa mmoja tu. Mwaka 1917 serikali ikabana idadi ya siku za mbio, na baadhi ya kamati zikakosa hata cha kukutania.

Lakini katika mwaka wa kawaida, hesabu zikishasomwa, mtu anasimama na kupendekeza katibu alipwe kitu kidogo kwa usumbufu. Meneja wa benki anatazama salio, anakohoa, anapendekeza jambo hilo liahirishwe mpaka kikao kijacho. Linaungwa mkono. Kisha wanamchagua tena kwa kauli moja, naye analiandika hilo mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye kalamu.